Wageni Ambao Raheli Hakuwafahamu

Ti, ti, ti. Kijiko kiligonga kikombe cha bati katika jiko la nyumba moja mjini Singida, alfajiri, kuku wakiwa bado hawajashuka kwenye vijiti vyao. Raheli alikuwa anamkorogea dada yake uji wa uwele. Dada mwenyewe, Kristina, alikuwa na mimba kubwa hata watu wa mtaani walimwachia njia nzima apite, na siku hizo hakutamani kitu kingine duniani ila kitunguu kibichi.

"Mdogo wangu, leo ukipita sokoni usinisahau," Kristina aliita kutoka kitandani.

"Vile vya juzi viko wapi?"

"Vimekwisha. Usiniulize vimekwishaje."

Raheli alicheka, akamwekea uji karibu na mto, akamfunika miguu. Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na Kefa, mume wa Kristina, alikuwa mwalimu. Alipelekwa kijiji kipya cha mbali kuwafundisha watu wazima kusoma, akawa anarudi nyumbani mara chache. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili, na mmoja wao hakuweza tena kuinama.

Raheli alikuwa mpokea simu. Siku zile mtu hakujipigia simu mwenyewe. Alinyanyua mkono wa simu, akasikia sauti ya msichana ikimuuliza anamtaka nani, na msichana huyo alichukua waya, akauchomeka kwenye tundu moja kati ya matundu mengi ya ubao uliokuwa mbele yake, watu wawili waliokaa mbali wakaanza kuongea kama majirani. Mkoa mzima uliijua sauti ya Raheli. Uso wake waliujua wachache.

Mchana ule alikwenda sokoni amevaa gauni la kijani lenye mikono mifupi na kitambaa cheupe kichwani. Soko lilikuwa limejaa. Kuku walifungwa miguu mafungu mafungu, wanaume walibeba magunia wakipiga mluzi wapishwe, na vumbi la upepo wa Singida lilitia kila mtu poda asiyoiomba. Raheli aliinama kwenye vitunguu.

"Mama, hili fungu ni la leo au ni la kabla ya Uhuru?"

Mama muuzaji hakupata nafasi ya kujibu. Nyuma ya Raheli mwanamume alishusha mzigo wake chini, taratibu, kama mtu aliyesikia ndege na hataki aruke.

"Ndugu Singida," alisema, "naomba afisa mifugo wa mkoa. Josho letu limekauka."

Raheli aligeuka, kwani sauti hiyo na maneno hayo alikuwa akiyasikia kwenye simu kutoka Kiomboi. Alimwona kijana mrefu, shati la kaki lililopauka mabegani, suruali imechomekwa ndani ya mabuti ya mpira, na harufu ya dawa ya kupe imemzunguka.

"Kiomboi?"

"Kiomboi mwenyewe. Bwana mifugo. Naitwa Naftali."

"Mimi nilidhani Kiomboi ni mzee mwenye kitambi."

"Na mimi nilidhani Singida ni mrefu."

"Nakaa kwenye kiti kutwa. Ungejuaje?"

"Sauti yako inatoka juu," alisema Naftali, na mama wa vitunguu akacheka hata akaongeza vitunguu viwili bila kuombwa.

Tangu siku hiyo josho la Kiomboi likawa linakauka kila asubuhi. Naftali alipiga simu kuulizia dawa, akapiga kushukuru kwa dawa, akapiga kusema dawa iliyokuja inanuka kama dawa.

"Ndugu, laini hii ni ya serikali," Raheli alimwambia.

"Ng'ombe nao ni wa taifa. Umekula nini?"

"Ugali na mlenda."

"Umeniwekea?"

"Nimekuwekea sufuria uoshe."

Bwana Stefano, mkuu wa zamu, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisikia kila kitu, akajifanya kutafuta kalamu yake chini ya meza mpaka waongee wamalize. Jumapili Naftali alikuja kwa basi, suruali yake pana imenyooshwa hata ukiigusa unaogopa kujikata, na Raheli akavaa viatu vya visigino. Walitembea mpaka ukingoni mwa ziwa Singidani, wakakaa juu ya mawe kutazama ndege aina ya heroe walivyoyafanya maji yawe mekundu. Huko ndiko Naftali alikosema kwamba mzee Melkizedeki, babu yake wa Ulemo aliyemlea, angependa kuja na watu wake kubisha hodi. Raheli alitazama ndege kwa muda mrefu.

"Waje," alisema. "Ila wakikuta mlenda tena, wasilalamike."

Siku ya posa ikapangwa, baada ya mavuno ya uwele. Kabla mavuno hayajafika, Kristina akajifungua. Walikuwa wawili, Kulwa na Doto, wasichana, kila mmoja na sauti yake na saa zake. Mama yao alitoka hospitali na homa isiyotaka kuondoka, akalala kitandani mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Kefa alikuwa bado mbali, kwa hiyo usiku ulikuwa wa Raheli. Kulwa alipolala Doto aliamka, na Doto alipolala Kulwa alikumbuka jambo. Asubuhi Raheli alioga maji baridi, akaenda kazini kuunganisha watu.

Mwanzoni alikuwa mchangamfu kuliko siku zote. Alicheka vitu visivyochekesha, akasema haraka haraka, akajiona ana nguvu za watu wawili. Kisha kicheko kikaisha. Siku moja aliangusha kijiko akakaa chini akalia juu yake kama msibani. Alitia chumvi kwenye chai na kuinywa bila kutambua. Aliingia chumbani kuchukua kitu, akasimama katikati, na kile kitu kikawa kimemtoka kichwani, hata chumba chenyewe akakitazama kama cha jirani. Kazini aliwaunganisha katibu wa ushirika na mchungaji, na kila mmoja akadhani mwenzake amelewa. Bwana Stefano aliomba radhi kwa wote wawili, akasema kosa ni lake, kisha akamsogezea Raheli chai yake mwenyewe.

Lililokuwa la ajabu kupita yote ni masikio. Maneno ya watu yalitoka vinywani mwao mazuri, yakafika kwake yameoza.

"Sauti yako imebadilika, mpenzi," Naftali alimwambia kwenye simu. "Umechoka sana?"

"Imebadilika vipi? Imekuwa mbaya?"

"Sijasema mbaya."

"Ila ndiyo uliyokuwa unataka kusema."

"Raheli, nakuuliza tu kama umelala."

"Huyo anayecheka hapo kwako ni nani?"

"Ni mama anayefagia ofisi. Anacheka na mwenzake."

"Ananicheka mimi."

Naftali alitafuta pa kukanyaga. Halafu akasema lile neno ambalo kwa mtu aliyelala lingekuwa zawadi. "Sikiliza, kipenzi. Nikimwomba babu tusogeze siku mbele kidogo, mpaka dada apone, utaonaje?"

Raheli aliona giza. Alijiambia, amenichoka, anatafuta mlango wa kutokea. "Waje siku ileile," alisema, "au wasije kabisa." Akachomoa waya. Moyoni hakuwa na huzuni wala hasira, palikuwa na kitu kikavu tu, kama uwanja baada ya ng'ombe kupita.

Wageni wakaja. Mzee Melkizedeki alikuwa amevaa koti zito la enzi za Mwingereza juu ya shuka, fimbo mkononi, na aliingia ameinamisha kichwa ingawa mlango ulikuwa mrefu. Alifuatana na shangazi Dina, dada wa marehemu baba yake Naftali, mama mnene mwenye kanga mbili mpya na jogoo kwapani, na nyuma yao Naftali katika shati jeupe. Upande wa Raheli alikuwepo baba mdogo Filipo, aliyewalea yeye na Kristina, amesafiri kutoka Kinyangiri kwa ajili hiyo. Waliamkiana, wakaulizana mvua, mifugo, na afya za watu ambao baadhi yao walikwisha kufa. Kisha mzee Melkizedeki akasema wamepita njia wakaona ua katika nyumba hii, na baba mdogo akajibu kwamba ua lina mdomo, liulizwe lenyewe.

Ndivyo inavyofanywa. Binti huitwa mbele ya wote na kuulizwa kama anawafahamu wageni. Akisema anawafahamu, uchumba umekubaliwa. Akisema hawafahamu, wageni huchukua fimbo zao, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Ni swali dogo, na kila msichana huwa na jibu lake mfukoni tangu jana yake.

Raheli aliingia, akapiga magoti, akasema shikamoo kwa kila mmoja. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala hata kidogo, wala usiku wa kabla yake. Sakafu ilikuwa inapanda na kushuka polepole. Alimtazama yule mzee, akaona koti. Alimtazama yule mama, akaona kanga. Alimtazama kijana mwenye shati jeupe, ambaye alikuwa anamtabasamia kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na Raheli akaona meno. Uso ule aliusoma kama mtu asomaye kitabu kilichogeuzwa, herufi zipo zote na hakuna neno.

"Mwanangu Raheli," alisema baba mdogo, "wageni hawa unawafahamu?"

Raheli aliwaza kwa bidii. Alitaka kusema kweli.

"Hapana, baba," alisema. "Siwafahamu."

Akainuka, akarudi jikoni, akashika kisu, akaanza kumenya vitunguu vya chakula cha wageni.

Sebuleni watu walibaki wametazama mlango wa jikoni. Jogoo tu ndiye aliyejitikisa. Kisha mzee Melkizedeki akachukua fimbo yake. Hakutukana, wala hakupandisha sauti. Alisema, "Tumesikia. Asanteni kwa maji," akatoka ameinamisha kichwa vilevile. Naftali alibaki amekaa mpaka shangazi alipomgusa bega. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeshuka kwenye basi, akakuta mji si ule aliokatia tiketi.

Shangazi Dina alikuwa mtu wa kuaga. Hakuweza kutoka nyumba ya watu, hata iliyowatia aibu, bila kupita jikoni. Alimkuta Raheli amesimama, mgongo umeegemea ukuta, kisu mkononi, kitunguu mkononi, macho wazi nusu. Alimwita. Raheli hakusikia. Alikuwa amelala wima. Kutoka chumbani watoto wakalia, na mwili ule uliolala ukageuka wenyewe kuelekea mlangoni, ukaanza kutembea.

Shangazi Dina alimwondolea kisu taratibu. Kisha alitoka nje, akawaambia wanaume watangulie na basi, kuna kitu amekisahau. Aliporudi ndani, alifunga kanga yake kiunoni.

"Binti, nipe hao watoto."

"Wewe ni nani?" Raheli aliuliza.

"Mimi ni mtu aliyelala jana. Kalale."

"Kesho nina kazi."

"Nitamtuma mtu kwa mkubwa wako. Kalale."

"Uji wa dada..."

"Mikono ninayo. Kalale, mama."

Lile neno "mama", lililosemwa kwa upole na mtu aliyekuwa na kila haki ya kukasirika, lilimmalizia Raheli ubishi. Alianguka kitandani na viatu vyake vya visigino, na shangazi Dina akavivua.

Alilala. Baba mdogo Filipo alikaa nje mlangoni na kuwazuia watu wasibishe hodi. Majirani waliposikia walitwanga uwele wao upande wa pili wa mtaa. Kristina, na homa yake, aliketi kitandani akamnyonyesha mtoto mmoja, shangazi akimbembeleza wa pili, wakaongea kwa kunong'ona kama wanawake wanaofahamiana miaka mingi. Jua likazama na kuchomoza, Raheli hajageuka upande.

Alipofumbua macho, mwanga ulikuwa ukutani. Alikaa akiutazama. Hakujua kwamba ukuta ule ulikuwa na rangi nzuri namna ile, udongo mwekundu uliochanganyika na weupe wa jivu. Alisikia harufu ya moshi, akajua ni kuni za mti gani. Doto alikuwa ubavuni pake anatazama vidole vyake mwenyewe, na Raheli akauona uso wa mtoto yule kwa mara ya kwanza, kwani kabla ya hapo alikuwa akiona kilio tu. Alimgusa shavu. Kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake usiku mmoja, na hakuna mkono wa mtu uliokirudisha.

Kisha akakumbuka, wageni, swali, na jibu lake. Alitoka chumbani na kanga ya kulalia, akamkuta shangazi Dina anapepeta uwele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo unanifahamu?"

Raheli alikaa chini kando yake, akalia, machozi yenye sababu safari hii. Baada ya muda aliuliza, "Yule aliyesema hawafahamu alikuwa nani?"

Shangazi aliacha ungo. "Hilo nimelifikiria usiku kucha nikiwabeba hawa. Mikono yako ilijua kumenya. Miguu yako ilijua njia ya kwenda kwa watoto. Ila mwenye nyumba hakuwemo." Alitikisa kichwa kwa mshangao. "Mungu kaweka mambo makubwa kwenye kitu kidogo. Mtu ananyimwa usingizi tu, anapoteza hata wale anaowapenda, na wao wamekaa mbele yake."

"Naftali atanisikiliza?"

"Naftali, ndiyo. Mzee, sijui. Nitamweleza, lakini namjua. Atasema neno alilolitoa binti mbele ya wazee halirudishwi na shangazi. Alirudishe mwenyewe."

Na ndivyo mzee alivyosema. Shangazi alirudi Ulemo homa ya Kristina ilipopoa, akaeleza kila kitu, na mzee Melkizedeki akasikiliza mpaka mwisho, akasema vilevile, akaenda kutazama ng'ombe wake.

Raheli alipiga simu Kiomboi.

"Ofisi ya mifugo," ilisema sauti ya Naftali, kavu, ya kiserikali.

"Naftali, ni mimi."

Kiti chake kilisikika kikisogea. Halafu akasema, "Shangazi ameniambia. Naelewa kwa kichwa. Moyo ndio unachelewa. Ulinitazama usoni, Raheli. Ulinitazama vizuri kabisa."

"Nilitazama. Sikukuona. Nisamehe."

"Nilirudi Kiomboi nikajitazama kwenye kioo, nijue nina kasoro gani."

"Ulipata?"

"Masikio makubwa."

"Hayo nilijua tangu sokoni," alisema Raheli, na akasikia pumzi ya Naftali ikibadilika, ikitaka kuwa kicheko. Sauti ile ikamfika kama ilivyotoka, nzima, haina kidonda ndani yake. Alifumba macho kwa furaha ya kuisikia tu. "Kipenzi, nataka kuongea na babu."

"Babu hajawahi kushika simu. Anasema sauti isiyo na mtu ni ya kuogopwa."

"Mlete. Mwambie kuna mtu anataka kumwamkia."

Ilichukua siku kadhaa. Siku ya mnada mzee alikuja Kiomboi kuuza beberu, na Naftali akamwongoza mpaka ofisini. Kule Singida Bwana Stefano aliweka kiti chake mlangoni, akakaa, akawaambia wote waliokuja kwamba laini ya Kiomboi ina kazi maalumu.

Raheli alisikia pumzi nzito, fimbo ikigonga meza, na sauti ya Naftali ikisema, "Upande huu, babu. Huku ni sikioni."

"Haloo," mzee alipiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko Singida mjini. Ni mimi Raheli. Ndimi niliyesema siwafahamu."

Raheli aligusa waya kuhakikisha haujachomoka. Mzee alipozungumza tena, hakupiga kelele.

"Nilipokuwa kijana," alisema, "simba walitusumbua mwaka mzima. Sisi vijana tulikesha zizini. Usiku baada ya usiku, na mchana tunachunga. Asubuhi moja mama yangu mzazi aliniletea uji. Nilimwinulia mkuki. Nikamuuliza, wewe ni nani?" Alipumua. "Akaweka kibuyu chini, akakaa mbali kidogo, akaningoja. Sikumwambia mtu yeyote jambo hilo. Hata yeye hakusema, mpaka anakufa."

"Pole, babu," alisema Raheli. Mkono wake ulishika ukingo wa meza.

"Sauti yako iko karibu sana," mzee alisema kwa mshangao. "Kama umekaa hapa kwenye kigoda." Kisha akauliza, "Sasa umelala?"

"Nimelala, babu."

"Vizuri?"

"Vizuri sana."

"Basi sema unalotaka kusema. Huyu mjukuu wangu amesimama hapa kama mwizi wa kuku."

Raheli alikaa wima kwenye kiti chake. Huko mbali, katika ofisi inayonuka dawa ya kupe, watu wawili walikuwa wanangoja, na aliwafahamu wote wawili.

"Babu," alisema, "nawaomba mje mtutembelee tena."